Kwa nini kimulimuli wa kwanza huturudisha utotoni, na je, kweli wamekwisha?

Majira ya joto yakiingia, huwa haipiti siku nyingi kabla mtu mmoja hajawaambia wenzake kwamba jana jioni ameona kimulimuli. Hapo hapo mazungumzo humwacha mdudu na kuhamia utotoni: nani alikuwa akiwakimbiza gizani, nani aliwafumbata viganjani mwanga ukachungulia kati ya vidole, nani alifokewa kwa kuchelewa kurudi ndani. Halafu ubishi huanza. Mmoja atasema vimulimuli wamekwisha, watoto wa leo watawajua kwa picha tu. Mwingine atamjibu kwamba wapo vilevile, ila kila anayekua huiona zamani kuwa nzuri kuliko ilivyokuwa.

Ubishi huu haumaliziki kwa sababu unabeba maswali mawili kwa pamoja. Swali moja linamhusu mdudu, jingine linahusu kumbukumbu. Yote mawili yamechunguzwa na yana majibu, lakini jibu la moja haliwezi kutumika kwa jingine. Kwa hiyo tuyatenganishe kwanza.

Mdudu mwenyewe

Kimulimuli si nzi wala si mnyoo, ingawa huitwa hivyo sehemu nyingi. Ni mbawakawa, yaani mdudu mwenye mabawa mawili magumu ya juu yanayofunika mabawa laini anayorukia. Familia yake, ambayo wataalamu huiita Lampyridae, ina spishi zaidi ya 2,000 zilizoenea katika kila bara isipokuwa Antaktiki. Si zote zinazowaka zikishakomaa. Wapo wanaoruka mchana na kutafutana kwa harufu. Wapo pia ambao jike hana mabawa ya kurukia: hukaa kwenye nyasi, akatoa mwanga usiokatika, akamngoja dume amfuate. Ukikutana naye utaapa kuwa umeona mnyoo unaong'aa.

Jambo linalopotosha wengi ni umri wake. Utasikia kwamba kimulimuli huishi wiki mbili au tatu tu. Ni kweli kwa yule unayemwona angani, lakini hayo ni majuma ya mwisho ya maisha yaliyoanza zamani. Yai likishaanguliwa hutoka buu, naye, kwa spishi nyingi, huishi ndani ya udongo wenye unyevu au chini ya majani yanayooza kwa mwaka mmoja, na kwa baadhi ya spishi miwili au zaidi. Huko ni mwindaji mkali. Humfuata konokono au nyungunyungu, akamdunga sumu ya kumlegeza, akamwagia majimaji yanayoyeyusha nyama, kisha akaifyonza. Buu naye huwaka, hata kwa spishi ambazo wakubwa wao hawawaki, na inaaminika kuwa kwake mwanga ni onyo kwa wanaotaka kumla: mimi ni mchungu, niache.

Udongo ukishapata joto la kutosha, buu hugeuka bundo, na baada ya siku kadhaa hutoka mdudu mwenye mabawa. Ndiyo maana mwaka ambao joto limewahi, nao huwahi. Mwaka wa baridi ndefu, huchelewa. Kwenye nchi za tropiki ambako joto halibadiliki sana, unyevu wa mvua ndio wenye usemi zaidi. Wengi wakishakomaa hawali tena, au hula kidogo mno. Kazi iliyobaki ni kutafuta mwenza na kutaga.

Kwa hiyo kimulimuli wa kwanza wa mwaka, ambaye sisi humpokea kama mwanzo wa majira, kwa upande wake yuko ukingoni. Yai alilotoka lilitagwa angalau majira ya joto yaliyopita. Hili tulikumbuke, maana baadaye ndilo litakalotuambia kwa nini kuwapoteza ni rahisi na kuwarudisha ni vigumu.

Nuru isiyounguza

Mtoto anayemshika kimulimuli kwa mara ya kwanza husita kidogo, kwa kuwa kila kinachowaka alichowahi kukigusa kilikuwa cha moto. Huyu haunguzi. Ndani ya sehemu ya mwisho ya tumbo lake kuna kemikali iitwayo lusiferini. Kimeng'enya kiitwacho lusiferasi huiunganisha na oksijeni kwa kutumia ATP, ile kemikali ambayo seli zote zilizo hai huitumia kama nguvu ya kazi zake, na matokeo yake ni mwanga wa rangi ya njano na kijani wenye joto dogo mno.

Mara nyingi huandikwa kwamba nuru hii haipotezi chochote, kwamba ina ufanisi wa asilimia 100 au karibu na hapo. Si kweli. Kwa miongo kadhaa kipimo kilichotajwa kilikuwa asilimia 88, hadi watafiti wa Japani walipopima upya na kutangaza mwaka 2008 kwamba kati ya molekuli 100 za lusiferini zinazoungana na oksijeni, 41 hivi ndizo zinazotoa chembe ya mwanga. Bado ni ufanisi wa kustaajabisha kwa mmenyuko wa kemikali unaotoa mwanga, na ajabu yake haihitaji kuongezewa chumvi.

Kuwaka na kuzima nako kulisumbua watafiti muda mrefu, kwa kuwa kimulimuli hana mapafu ya kuvuta hewa na kuikata ghafla. Hewa humfikia kupitia vijibomba vyembamba mwilini. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba neva zake zinapotoa ishara, gesi ya nitriki oksidi huzalishwa na kuzizuia kwa muda sehemu za seli ambazo kwa kawaida huitumia oksijeni yote. Oksijeni hupata nafasi ya kupenya hadi kwenye lusiferini, mwanga ukatoka. Kizuizi kikiondoka, giza.

Hapa pia watoto wameingia kwenye historia ya sayansi. Katika miaka ya 1940 William McElroy, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, alihitaji vimulimuli wengi kuliko ambao angeweza kuwakamata mwenyewe, akawalipa watoto wa mji huo senti 25 kwa kila vimulimuli 100. Ni kwa wadudu hao alionyesha, mwaka 1947, kwamba bila ATP hakuna mwanga. Kwa kuwa ATP imo katika kila seli hai, mmenyuko huohuo leo hutumika kupima kama mashine za kutengenezea chakula zimesafishwa ipasavyo: palipobaki uchafu wa viumbe, panang'aa. Jeni ya lusiferasi ilinakiliwa mwaka 1985, na tangu hapo maabara zinaweza kuizalisha bila kumgusa mdudu. Nafurahi kila nikifikiri kwamba mchezo wa watoto wa jioni moja umo ndani ya kipimo kinachotumika duniani kote.

Na mwanga huo ni maneno. Kwa spishi zinazomulika kwa vipindi, anayeruka akimulika karibu kila mara ni dume. Kimulimuli wa Amerika Kaskazini aitwaye Photinus pyralis hupanda kidogo kila anapowaka, akachora umbo la herufi J hewani, kisha hunyamaza kwa sekunde tano au sita. Jike aliyetua kwenye jani akimpenda, humjibu mmuliko mmoja baada ya sekunde mbili hivi. Akijibu mapema au akichelewa, dume hamfuati, maana kila spishi ina mapigo yake. Huko Japani, spishi moja iitwayo Genji humulika kila baada ya sekunde mbili magharibi mwa nchi, na kila baada ya sekunde nne mashariki. Kwenye milima ya Great Smoky nchini Marekani kuna spishi ambayo madume yake huwaka pamoja na kuzima pamoja, msitu mzima. Na kuna majike wa jenasi ya Photuris ambao huiga jibu la majike wa spishi nyingine. Dume akifika akitarajia mwenza, huliwa, na sumu iliyo mwilini mwake humlinda yule aliyemla. Mtafiti wa wadudu James Lloyd aliandika kuhusu hila hiyo mwaka 1965.

Kwa nini utoto huja na mdudu huyu

Sasa tuingie upande wa pili. Wengi wetu huifikiria kumbukumbu kama picha iliyohifadhiwa, ambayo ikitafutwa hutolewa ilivyo. Sivyo ubongo unavyofanya. Kukumbuka ni kulijenga tukio upya kwa vipande vilivyobaki, na kazi hiyo huanza kwa kichocheo: harufu, sauti, mahali, sura. Mwaka 1973 wanasaikolojia Endel Tulving na Donald Thomson walieleza kanuni ambayo hadi leo ni msingi wa elimu hii, kwamba kichocheo hufanya kazi vizuri pale kilipokuwa sehemu ya tukio lenyewe lilipokuwa likihifadhiwa.

Lakini si kila kichocheo kina nguvu sawa. Fikiria msumari ukutani. Ukitundikwa nguo moja, ukiushika umeshika nguo hiyo. Ukitundikwa nguo hamsini, itabidi uchambue, na pengine unayoitaka usiipate. Mlango, kikombe, barabara unayopita kila siku, vyote hivyo ni misumari iliyojaa. Vimebeba siku nyingi mno hata haviwezi kukurudisha kwenye siku moja. Kimulimuli haonekani miezi mingi ya mwaka. Haonekani mchana, wala ndani ya nyumba, wala penye taa kali. Majuma machache tu, jioni, nje, hewa ikiwa na joto na majani yakinukia umande. Na kwa watu wengi, baada ya utoto hakuna kipindi kingine walichokaa naye kwa muda mrefu. Kwa hiyo unapomwona ukiwa mtu mzima, msumari huo bado una nguo ileile.

Hali inayomzunguka nayo husaidia. Humkuti kimulimuli peke yake. Unakutana naye pamoja na giza linaloingia na joto na harufu zilezile zilizokuwapo. Ni vichocheo vinne au vitano kwa mara moja. Kisha kuna hisia. Matukio yaliyoambatana na msisimko huhifadhiwa kwa nguvu zaidi, na kwa mtoto, kuachiwa kubaki nje baada ya jua kuzama ni uhuru mkubwa. Mwenye umri wa miaka sita haamui mengi maishani mwake, ila dakika zile gizani anaamua amfuate yupi, na kumkamata anaweza, kwa kuwa kimulimuli huruka polepole na wengi hupita karibu na nyasi. Sijui wadudu wengi wa porini wanaomruhusu mtoto mdogo kufanikiwa namna hiyo.

Kumbukumbu hizi ni za kweli kwa maana hiyo: mahali palikuwapo, giza lilikuwapo, furaha ilikuwapo. Kasoro yake iko kwenye hesabu. Matukio yanayofanana yakirudiwa mara nyingi, ubongo hauyaweki moja moja. Huyayeyusha kuwa usiku mmoja wa mfano, na usiku huo hujengwa zaidi na zile siku zilizovutia. Jioni walizoonekana watatu tu husahaulika. Ile ya bonde zima kuwaka hubaki. Baada ya miaka thelathini mtu husema kwa dhati, bila uongo wowote moyoni, kwamba walijaa kila siku.

Basi, wamekwisha au hawajaisha?

Kabla ya kujibu, ujipime wewe mtazamaji. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu, na kuitazama simu mara moja hurudisha kazi nyuma. Mtoto alikuwa nje tangu magharibi, macho yake yakizoea kadiri usiku ulivyoingia. Mtu mzima hutoka kwenye chumba chenye taa, husimama mlangoni dakika mbili, hutazama, kisha hurudi ndani na habari kwamba hakuna kitu. Umri pia hupunguza upana wa mboni gizani, kwa hiyo mwanga unaoingia machoni ni mdogo kuliko wa zamani. Na baadhi ya spishi humulika kwa muda mfupi tu baada ya jua kuzama. Ukitoka saa nne usiku umeshachelewa. Sehemu ya kutoweka kwao, basi, ni kutoweka kwetu sisi kutoka nje.

Hata hivyo ingekuwa kosa kubwa kuishia hapo na kumwambia anayelalamika kwamba ni uzee tu. Vimulimuli wanapungua kweli katika sehemu nyingi, na sababu zake zinaeleweka. Mwaka 2020 watafiti walikusanya maoni ya wataalamu wa vimulimuli kutoka pande mbalimbali za dunia, nao wakataja kuharibiwa kwa makazi kuwa tishio la kwanza, likifuatiwa na uchafuzi wa mwanga na dawa za kuua wadudu.

Rudi kwa yule buu wa udongoni na utaona kwa nini. Hawezi kuhama. Palipomwagwa zege, palipokaushwa kinamasi, palipopuliziwa dawa inayomuua yeye au konokono wake, kizazi kizima kinakufa kabla hakijaota mabawa, na sisi tunagundua mwaka mmoja au miwili baadaye, tayari tumeshasahau tulichofanya. Kwa spishi ambazo jike haruki, hakuna wa kuja kutoka mbali kujaza pengo. Mwanga wa taa nao hauwaui moja kwa moja. Unawanyima mazungumzo: dume anamulika, jike haoni, au anajibu na jibu linamezwa na taa ya ukutani. Wote wawili wako hai, ila mayai hayatagwi.

Je, ni wangapi waliopotea? Hapa lazima tuwe waaminifu. Tathmini kubwa ya vimulimuli wa Marekani na Kanada iliyochapishwa mwaka 2021 ilikuta kwamba zaidi ya nusu ya spishi zilizoangaliwa hazina takwimu za kutosha kuamua kama ziko salama. Kati ya zilizoweza kupimwa, kadhaa ziliwekwa kwenye kundi lililo hatarini. Kwa hiyo anayesema wote wanakwisha amevuka ushahidi, na anayesema wapo vilevile naye amevuka.

Na ndipo kumbukumbu za utoto zinapopata thamani ambayo kwa kawaida hatuzipi. Mwaka 1995 mtaalamu wa samaki Daniel Pauly alieleza kwamba kila kizazi cha wataalamu wa samaki huchukua hali kiliyoikuta kilipoanza kazi kuwa ndiyo ya kawaida, hivyo upungufu wa vizazi vingi hupita bila mtu kuuona wote. Kwetu ni vilevile: aliyezaliwa pasipo vimulimuli hajui kuna kilichopungua. Wanaojua ni wale waliowaona, hata kama hawakuwahesabu. Msimamo wangu ni huu: mzee akikuambia walikuwa maelfu, idadi hiyo usiitegemee. Akikuambia walikuwa pale chini kando ya maji, karibu na ule mti, na sasa hawapo tena, mwamini na uende ukatazame. Kumbukumbu ya utoto ni dhaifu kwa kuhesabu lakini imara kwa mahali, na mahali ndipo buu anapoishi.

Wanaotaka kuwarudisha mara nyingi hufikiria kununua vimulimuli wazima na kuwaachia. Katika baadhi ya nchi biashara hiyo ipo kwa ajili ya maonyesho na harusi, na huwakomba wadudu porini kwa wingi. Wanaoachiliwa wamebakiza majuma machache ya kuishi, na mara nyingi si wa spishi ya pale. Kinachosaidia hakipendezi kwenye picha: kuzima taa za nje jioni katika majuma yao, au kuzielekeza chini, kuacha sehemu ya majani makavu na nyasi ndefu bila kufagiwa, kutopulizia dawa, kuacha udongo ubaki na unyevu. Huko Japani mito iliyosafishwa na kingo zake kurudishiwa udongo na mimea imeonyesha kwamba vimulimuli wanaweza kurudi, kwa kuwa konokono wa majini ambao mabuu wa Genji huwala nao walirudi. Watoto waendelee kuwashika. Kumtazama dakika chache kiganjani na kumwachia palepale alipokamatwa hakujawahi kuwa tatizo. Chupa iliyofungwa usiku kucha ndiyo tatizo.

Kama unataka kumbukumbu za watoto wako ziwe na hesabu ambayo zetu hazina, andikeni. Mwaka 2008 jumba la makumbusho ya sayansi la Boston lilianzisha mradi wa kuwaomba watu wa kawaida watazame vimulimuli kwenye bustani zao na kutuma walichoona. Huhitaji mradi ili kuanza. Tarehe ya kimulimuli wa kwanza, saa, mahali hasa, hali ya hewa, mimuliko uliyohesabu kwa sekunde kumi ukiwa umesimama sehemu moja. Mara moja kila wiki hadi watoweke, na mwaka ujao tena mahali palepale. Usiku ambao hukuona hata mmoja uandike pia, pamoja na saa uliyosimama nje. Bila huo, atakayesoma baadaye hataweza kujua kama vimulimuli hawakuwapo au kama hakukuwa na mtu wa kuwatazama.